Ni Nani Aliyeanua Omena

Mwalimu Jedidah Bonareri alikuwa mtu wa kujulikana Kendu Bay. Ukishuka stendi ukauliza shule yenye watoto viziwi iko wapi, hata mama anayekaanga samaki wa mbuta kando ya barabara angekuuliza, "Kwa Bonareri?" kabla hajakuonyesha njia. Alikuja kutoka Kisii akiwa msichana aliyeajiriwa juzi tu, akapewa kitengo cha viziwi ambacho hakuna mwalimu mwingine aliyekitaka, akapelekwa kozi fupi ya lugha ya ishara wakati wa likizo, akarudi na cheti na kitabu chenye picha za mikono. Hakuondoka tena. Aliolewa huko, akajua Dholuo, lugha ya wenyeji, ya kumtosha sokoni, watoto wake wakazaliwa na kukulia huko. Alikuwa mkali kwa yeyote aliyewaita wanafunzi wake mabubu; kuna mzazi aliyetolewa darasani kwa sababu ya neno hilo. Siku ya Sabato alisimama kando ya mhubiri akitafsiri kwa mikono, viziwi waliokaa benchi la mbele wakitikisa vichwa kukubali, na ibada ikiisha waumini walimshika mkono na kumwambia Mungu alimpa kipawa.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakupenda kulitazama sana. Wakati wa mapumziko watoto wa kitengo chake walikusanyika nyuma ya tangi la maji, na mikono yao ilikwenda mbio, nyuso zao zikikunjamana na kufumuka, mabega yakiingia kwenye maneno. Yeye akikaribia, mikono ilipunguza mwendo. Ishara zilikuja moja moja, zimenyooshwa, kama mtu anayempokeza mzee vyombo vya udongo. Alijiambia ni heshima. Watoto wa siku hizi wana heshima gani, alijiambia, lakini wangu wanayo.

Muhula wa pili ulipoanza, mwalimu mkuu alimwita akamweleza kwamba shule yake na nyingine moja ya Migori zimechaguliwa kujaribu programu mpya ya viziwi. Iliitwa Viganja. Iliwekwa kwenye tableti, na ndani yake watu viziwi walisimulia hadithi kwa ishara, kisha maswali yakafuata. Kabla haijapelekwa shule zote za kaunti mbili, Homa Bay na Migori, kamati ya walimu na maofisa ilitaka kujua kama inafundisha kweli au ni mapambo.

"Wewe ndiye utawaambia kama inafaa," mwalimu mkuu alimwambia. "Hakuna mtu huku anajua hawa watoto kukushinda."

Bonareri alifurahi. Alinunua kitambaa cha meza ya darasa, akawaambia watoto waje wameoga.

Wajaribu wenyewe walifika wawili. Mmoja alikuwa Bwana Maroa, ofisa kutoka Migori, Mkuria mrefu mwenye sauti ya upole, aliyeulizia hali ya kila mtu mpaka mpishi. Wa pili alikuwa mwalimu Irine, mwanamke wa makamo aliyesuka nywele fupi, na alikuwa kiziwi. Alifundisha viziwi huko Migori. Yeye na Maroa walisemezana kwa kuandikiana kwenye simu, maana Maroa alijua ishara za salamu na chai, basi.

Irine aliingia darasani, akainua mikono, akasema nao. Bonareri hakujua alichosema. Alichokiona ni watoto wote kuinuka kwenye viti kwa pamoja kana kwamba mtu amefungua dirisha. Beverly, msichana mkubwa wa darasa, alijibu kitu, na Irine akacheka hadi akashika kiuno. Mwingine akadakia. Mikono ilijaa chumba kizima, na ilikuwa ile ya nyuma ya tangi.

Bonareri alisimama ubaoni akitabasamu. Alitabasamu kwa muda mrefu mno, mpaka mashavu yakamchoka.

Irine alipomgeukia alimwambia jambo kwa mikono. Bonareri akatikisa kichwa. Irine akamtazama kidogo, akatoa simu, akaandika: *Nikisema nawe kwa mikono unanielewa vizuri?*

Bonareri aliandika: *Ndiyo. Kabisa.*

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi. Darasa liligawanywa mara mbili. Nusu wangetazama hadithi kwenye tableti, na nusu wangesimuliwa hadithi ile ile na mwalimu wao, kwa mikono, kama siku zote. Kisha Irine angewauliza mmoja mmoja, na Maroa aandike majibu. Hadithi ya pili, makundi yangebadilishana.

Hadithi ilikuwa ya kwao kabisa. Mama mmoja ameanika omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu ufukweni. Amekosana na jirani yake, hawasalimiani. Akaenda kusagisha mahindi, na mvua ikaja ghafla. Yule jirani akakimbia, akaianua omena yote, akaitandaza jikoni kwake isiharibike. Mwenye omena aliporudi akakuta nyavu tupu, akajua ameibiwa, akaenda kwa jirani amejaa hasira, na huko akaikuta omena yake, kavu, imepangwa.

Bonareri aliisoma kwenye karatasi, akaona ni nyepesi. Alisimama mbele ya kundi lake, akaisimulia neno kwa neno. Mama. Anika. Samaki mdogo. Jirani. Gombana. Hakuruka hata neno moja. Uso wake aliutuliza kama alivyolelewa. Kwao msichana aliyekunjakunja uso mbele ya watu alichapwa. Watoto walimfuata kwa macho, na kila alipotua, walitikisa vichwa.

Kisha wakaanza kuitwa, naye akaruhusiwa kukaa pembeni na kutazama.

Wale wa tableti walijibu haraka, wengine kabla Irine hajamaliza kuuliza. Msichana mmoja mdogo aliigiza hadi mwenye omena alivyoingia kwa jirani na kusimama mlangoni akiwa na aibu. Maroa, asiyejua ishara, aliielewa, akacheka peke yake.

Lilipofika kundi la Bonareri, mambo yakawa mengine. Ni nani aliyeanua omena? Mtoto wa kwanza alimtazama mwalimu wake, akamtazama Irine, akasema: mwenyewe. Wa pili akasema jirani ameiba. Wa tatu akasema mvua ndiyo iliyoibeba. Mmoja, mwenye bidii kuliko wote, alieleza kwa urefu kwamba samaki waligombana na jirani akawaamua. Bonareri hakuyafuata majibu hayo kwenye mikono. Aliyasoma baadaye, begani kwa Maroa, Irine alipokuwa akimwandikia kwenye simu, na kadiri alivyoyasoma masikio yalimwaka moto.

Maroa mwenyewe hakuwa na ubaya. "Tableti ni kitu kipya, Madam," alisema. "Wanaikazia macho. Ngoja hii ya pili."

Hadithi ya pili makundi yalibadilishana, na mambo yakawa yale yale, kinyume chake. Wale waliokuwa werevu asubuhi wakawa mabwege baada ya chai. Wale waliosema samaki waligombana, wakakaa mbele ya tableti na kujibu bila kubabaika. Hapakuwa na pa kujificha. Akili za watoto hazikuwa na kasoro. Kilichobadilika ni mikono tu.

Beverly alipoulizwa mbona safari ya pili ameshindwa, alitazama chini. Irine alimhimiza kwa upole, na hatimaye msichana akaeleza, akitumia mikono karibu na kifua, kama mtu anayenong'ona. Katikati ya maneno yake alipitisha kiganja mbele ya uso, juu hadi chini. Ishara hiyo Bonareri aliijua. Lilikuwa jina lake. Watoto ndio waliompa, miaka ile ya mwanzo, nao wakalipokezana darasa kwa darasa. Siku zote alidhani wanamsifia uso mwororo.

Akachukua simu yake, akamwandikia Irine: *Amesema nini kunihusu?*

Irine alisita. Kisha akaandika: *Anasema wanakupenda. Anasema mwalimu hamweki mtu mahali pake hewani, kwa hiyo hawajui nani alifanya na nani alifanyiwa. Na uso hausemi kitu, hawajui kama unauliza au unaeleza. Huwa wanakisia, kisha jioni wale wakubwa wanawafundisha wadogo.*

*Na hilo jina langu?*

*Ukuta,* aliandika Irine.

Bonareri alirudisha simu kwenye mkoba, akaomba ruhusa akaangalie chakula cha watoto. Jikoni alisimama mbele ya sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, bila kuifunua. Mpishi alimuuliza kama ni mgonjwa. Akasema ni moshi.

Kwa hiyo jioni wale wakubwa waliwafundisha wadogo. Kila siku, baada ya yeye kwenda nyumbani akijisikia amechoka kwa kazi njema, kulikuwa na shule nyingine bwenini, na hiyo ndiyo iliyokuwa shule. Mchana walimtikisia kichwa. Walimtikisia kichwa kama yeye alivyomtikisia Irine asubuhi ile. Tena kanisani! Wale watu wazima wa benchi la mbele, Sabato baada ya Sabato, walikuwa wakimwonea huruma.

Maroa alipomuuliza kabla ya kuondoka, "Madam, wewe kwa maoni yako, programu hii ni ya kupeleka shuleni?" alijibu bila kumtazama.

"Haifai," alisema. "Ishara zake ni za Nairobi. Hizi tableti zitaharibu macho ya watoto, na macho ndiyo masikio yao. Stima yenyewe hupotea kila siku. Halafu watoto walijibu kwa sababu ya picha, si kwa sababu ya lugha."

Maneno yalimtoka yamepangika vizuri. Hata yeye alishangaa yalivyokuwa tayari. Maroa aliyaandika yote.

Kamati ilikutana Homa Bay, kwenye ukumbi wa hoteli moja inayotazama ziwa. Bonareri alivaa suti yake ya kijani. Alikuwa amelala vibaya kwa siku kadhaa, na nyumbani alimkaripia mume wake kwa sababu ya chumvi. Njia nzima alijiambia kwamba hakusema uongo. Stima hupotea kweli. Macho huumia kweli.

Mwenyekiti, mama mmoja mnene aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, alimpa nafasi ya kwanza. Bonareri aliyarudia aliyomwambia Maroa, na vichwa vikatikisika meza nzima. Mtu aliyekaa miaka yote ile na viziwi, nani angembishia? Mwalimu mmoja wa Karungu alisema hata yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na mambo ya tableti. Mambo yalikuwa yakielekea kumalizika.

"Tumsikie sasa mwalimu Irine," mwenyekiti akasema. "Mkalimani yuko wapi?"

Mkalimani alikuwa atoke Kisumu, na alikuwa amepiga simu asubuhi kwamba mtoto wake amelazwa. Watu wakaanza kunong'ona. Maroa ndiye aliyepata dawa, naye alisema kwa moyo mweupe kabisa:

"Lakini Mwalimu Bonareri si yuko hapa? Yeye anaweza kututafsiria."

"Ah, tunahangaika nini basi!" mwenyekiti akasema. "Madam, njoo ukae hapa mbele, tafadhali."

Kiti kilivutwa. Bonareri alijikuta amesimama, akatembea, akaketi. Angeweza kusema kichwa kinamuuma. Angeweza kusema koo. Alikuwa bado anatafuta cha kusema Irine alipoanza.

Irine alisema kwa namna yake, si haraka sana, lakini haikuwa ile lugha ya kitabu cha picha. Mkono mmoja ulishika kitu hewani na kukiacha pale, ule mwingine ukaleta kitu kingine kikakutana nacho; nyusi zikapanda, mdomo ukabana, bega likageuka na ghafla akawa mtu mwingine anayejibu. Bonareri alidaka ishara ya watoto. Akadaka mwalimu. Akadaka polepole, au labda ilikuwa kidogo. Meza nzima ilikuwa ikimtazama yeye, ikingoja sauti.

"Anasema..." akaanza. "Anasema watoto wa Kendu Bay ni wazuri. Wana bidii. Anasema walimu wamejitahidi sana."

Vichwa vikatikisika. Irine akaendelea.

"Anasema mambo ya programu yaende polepole. Watu wasikimbilie. Anasema watoto bado wanahitaji mwalimu wao."

"Hapo amesema kweli," akasema mwalimu wa Karungu.

Ilikuwa rahisi kiasi cha kutisha. Sauti yake ilitoka tulivu, kama kanisani, na hapo ndipo alipotambua kwamba kanisani pia ndivyo alivyokuwa akifanya, ila huko ilikuwa kutoka sauti kwenda mikono. Irine alikuwa akimtazama midomo.

"Muulize swali moja," mwenyekiti akasema. "Angekuwa ni yeye mwenye uamuzi, angeipeleka shuleni kwake au angeiacha?"

Bonareri aligeuka, akaunda swali kwa mikono, ishara baada ya ishara. Irine akakunja uso. Akamwashiria arudie. Bonareri akarudia. Irine akajibu, na jibu lilikuwa refu, lenye vitu vingi, na ndani yake, mara moja, kiganja kikapita mbele ya uso.

"Anasema... angeiacha kwanza," Bonareri akasema. "Mpaka irekebishwe."

Maroa aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. "Angeiacha?" aliuliza. Alimtazama Irine, akatikisa kidole kulia na kushoto kumuuliza kama ni hapana.

Irine aliona. Aliweka mikono mezani. Alimtazama Bonareri, hakukasirika, na Bonareri angependa akasirike. Kisha akainua mikono tena, na safari hii alisema polepole, kwa ishara pana, zilizonyooshwa, moja kisha nyingine, jinsi watoto wa nyuma ya tangi walivyozoea kumwambia.

*Wewe. Elewa. Mimi?*

Hiyo aliielewa. Aliielewa yote.

Mhudumu aliingia na chupa za maji, akaona nyuso, akarudi nyuma. Bonareri aliangalia mikono yake mwenyewe iliyokuwa mapajani, na pete iliyombana kidole.

"Sijaelewa," alisema.

"Swali la mwisho?" mwenyekiti akauliza kwa wema. "Arudie tu."

"Hapana, mama. Sijaelewa tangu mwanzo. Haya yote nimeyatunga."

Mwalimu wa Karungu alicheka kidogo, cheko la mtu asiyejua aweke wapi uso, kisha akakohoa. Maroa aliinama kabisa juu ya karatasi zake, masikio yamemwiva, kana kwamba aibu ilikuwa yake. Pengine hilo ndilo lililomwumiza Bonareri zaidi.

Irine alikuwa amekwisha kuvuta kompyuta ya Maroa. Wakaiunganisha na mtambo wa kumulika ukutani, akaandika, nao wakasoma maneno yakitokea moja moja. Aliandika kwamba programu ina kasoro. Ishara kadhaa hazijulikani huku. Mtoto akiuliza swali, tableti haimjibu, inarudia tu. Hadithi ni chache na watoto watazimaliza upesi. Kisha akatua, vidole juu ya vibonye, akaandika tena:

*Watoto wa Kendu Bay walielewa programu kuliko walivyomwelewa mwalimu wao. Hiyo si sifa kwa programu.*

Akaongeza: *Wana lugha nzima, nzuri. Wamepeana wenyewe kwa sababu walikusanywa mahali pamoja na mtu aliyewatunza. Ningeipeleka shuleni, lakini iende na mtu mzima kiziwi, mwalimu au msaidizi. Bila huyo, ni televisheni.*

Mwenyekiti alisoma mpaka mwisho, midomo ikicheza. Akavua miwani.

"Mwalimu Bonareri," alisema. "Wewe ulituambia asubuhi programu haifai."

"Ndiyo."

"Ulikuwa na sababu."

"Sababu nilizozisema ni za kweli zote," Bonareri akasema. "Lakini si ndizo zilizonifanya niseme. Nilisema kwa sababu watoto waliielewa ile tableti, na mimi hawakunielewa. Nilikaa pale nikaona. Sikutaka mwingine aone."

Alirudi kwenye kiti chake cha kwanza na akakaa mpaka mkutano ulipofungwa, kwa sababu kuondoka kungekuwa ni kuwaomba wamhurumie. Kamati ilikubali programu, kwa masharti ya Irine. Chakula cha mchana kilikuwa samaki wa ngege na ugali. Alikaa meza ya mwisho, na watu walipopita walimsalimu kwa sauti za kumbembeleza, kama mtu aliyefiwa. Irine alikuja, akaketi mbele yake, wakala. Mwishoni Irine aliandika kwenye simu: *Hasira yangu ni ile ya kuniambia unanielewa. Ile kasoro ya ishara wengi wanayo.*

Bonareri aliisoma. *Najua,* akaandika.

Hakufukuzwa kazi. Alingoja kuitwa, na alipoitwa, mwalimu mkuu, ambaye habari zilimfikia kabla yeye hajafika, alimwambia tu, "Madam, sasa nani mwingine tuko naye?" Na kweli hakuwepo. Aliendelea kuingia darasani kila asubuhi, watoto wakisimama kumsalimu kama zamani. Adhabu ingemsaidia. Angeimaliza, akainuka.

Kanisani aliwaambia wazee hataweza tena kutafsiri. Walidhani amechoka, wakamwombea.

Siku moja alifunga mlango wa darasa, akasimama mbele ya watoto, na kwa ishara zake zile zile, maana hakuwa na nyingine, aliwaambia kwamba mwalimu hajui. Kwamba kuanzia leo waseme kama wanavyosema nje. Haraka. Mwalimu atajifunza.

Watoto walitazamana. Baadhi ya wadogo wakaona haya kwa niaba yake, wakajificha nyuso kwenye madawati. Beverly ndiye aliyejibu, akiwa ameinuka nusu kwenye kiti, na alijibu polepole, kwa ile mikono ya vyombo vya udongo, kwa sababu alitaka mwalimu wake aelewe.

*Utachoka,* alisema.

Likizo ya Agosti ilipofika alikwenda Migori. Irine alikuwa akifundisha lugha ya ishara kwa watu wanaosikia, wiki zote za likizo, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa moja la Kikatoliki. Bonareri alimwandikia kuomba nafasi. Jibu lilikuwa fupi: *Njoo. Utaanza na wanaoanza.*

Alifikia kwa shemeji yake upande wa sokoni, na shemeji alipouliza amekuja semina gani alisema ni ya walimu. Uongo ule ulimtoka wenyewe. Usiku alijikemea, na asubuhi, walipokuwa wakinywa chai, akamwambia ukweli. Shemeji aliacha kikombe hewani. "Lakini wewe ndiye unafundisha hayo mambo," akasema.

"Ndiyo," Bonareri akajibu. "Ndiyo maana nimekuja."

Darasani walikuwa wengi wao akina mama, na baba wawili watatu waliokaa karibu na mlango. Walikuwa wazazi waliogundua juzi juzi kwamba mtoto hasikii. Wengine walikuwa na watoto mapajani. Bonareri alichagua kiti cha mbele, ambako angeonekana vizuri akikosea. Kando yake aliketi mwanamke kijana aliyejitambulisha kama Rispa, kutoka Karungu, mwenye macho yaliyokwisha kulia na kukauka. Binti yake mdogo alikuwa akivuta uzi wa mkoba wa Bonareri.

"Huyu wangu ana miaka minne," Rispa akasema. "Tulikuwa tunadhani ni mkaidi. Mpaka nilikuwa namchapa, mama. Nilikuwa namchapa kwa kukataa kuitika." Alimpangusa mtoto pua. "Na wewe wako ana miaka mingapi?"

"Sina," Bonareri akasema. "Wangu wanasikia."

"Sasa umekuja kwa nani?"

Chumba kilikuwa kinajaa, viti vikiburutwa. Bonareri alihisi ule moto wa masikio ukipanda tena, ule ule, haukuwa umepungua hata kidogo tangu Kendu Bay. Alianza kufikiri ni jibu gani lingekuwa jepesi.

"Mimi ni mwalimu wa viziwi," alisema.

Rispa alicheka, akidhani amefanyiwa mzaha wa kumchangamsha. Kisha akamtazama vizuri, kicheko kikamwisha. Akamvuta mwanawe karibu naye kidogo.

Irine aliingia, akaweka mkoba, akainua mikono kuwasalimu wote. Bonareri aliinua ya kwake akamjibu, na Irine, bila kumtofautisha na mwingine yeyote, akamsogelea, akamshika kiwiko na kukiteremsha, akamgusa nyusi kwa kidole kumwonyesha kwamba zipande, akamwashiria arudie.